Akiba ya Mshono

Jumatatu naanza kazi ofisi ya maji,
dirisha la tatu, malalamiko ya bili.
Nina miaka hamsini na miwili
na suruali moja ya heshima.

Ludovica, mpwa wangu, ananisogezea simu:
koti la euro kumi na tisa, linafika kesho,
kola imesimama kama askari wa gwaride.
"Chukua mawili, shangazi. Moja likichakaa unalo jingine."
Nauliza kitambaa chake ni cha nini.
Anashuka kwa kidole,
anashuka,
anashuka,
mwisho ananijibu: "Cha samawati."

Baba angecheka mpaka akohoe.
Miaka thelathini na minne, Prato hii hii,
aliketi katikati ya vilima vya matambara
yaliyokuja kwa marobota kutoka nchi alizozijua kwa harufu tu.
Mkono mmoja mkasi: vifungo huku, bitana kule, zipu ndani ya ndoo.
Mkono wa pili ulikuwa na macho.
Aligusa sweta, akasema: sufu.
Aligusa jingine: sufu, ila imedanganywa.
Kisha matambara yakachanwachanwa, yakarudi kuwa nyuzi,
nyuzi zikawa kitambaa, kitambaa kikawa koti la hakimu,
na hakimu hakujua
amevaa soksi za nani.

Jumamosi nilikwenda sokoni, kwenye meza za mitumba.
Sikutafuta kwa macho. Niliyafumba.
Nailoni. Nailoni.
Kitu kinachoteleza kama ahadi ya mgombea.
Halafu, chini ya koti la mvua la mtoto,
hilo hapo:
kijivu cha majivu ya kuni za mzeituni,
zito kidogo, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu.
Mfuko wa ndani, tiketi ya tramu ya Torino, maandishi yamefifia,
na jina limetariziwa kwa uzi mwekundu: Bruna.
Kiwiko cha kushoto, tundu la nondo, dogo kama dengu.
Euro kumi na mbili. Sikubishana.

Xiulan ana cherehani nyuma ya duka la kuchonga funguo.
Alinizungusha, pini mdomoni, kimya.
Kisha: "Unataka likae miaka mingapi?"

Nimenunua nguo maisha yangu yote.
Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Nikahesabu. Kumi na mitano, mpaka pensheni.
"Basi kiunoni sikati," alisema. "Nakunja tu,
kitambaa kibaki ndani ya mshono.
Ukinenepa, nafumua. Ukikondeshwa na msiba, nakunja tena."
Kiwikoni akashona kiraka cha kitani cha buluu
bila kukificha.
Kovu lililofichwa vibaya, alisema,
ndilo watu hulikodolea.

Wapo wasemao nguo ya kuazima haisitiri.
Sijui.
Hili liliazimwa kwa kondoo, likaazimwa na Bruna,
pengine katikati hapo lilikuwa blanketi la mgonjwa,
na leo asubuhi mbele ya kioo
limenisitiri mpaka kwenye vifundo vya mikono,
nikasimama wima bila kuambiwa.

Koti la Ludovica nalo limefika. Ametuma picha.
Limempendeza, siwezi kusema uongo.
Kifungo kimoja kimebaki kwenye mfuko wa plastiki.

Mteja wa kwanza, mzee mwenye kofia, bili imekunjwa ngumini,
amekuja amejaza kifua tayari kufoka.
Akaona kiwiko.
Akapitisha vidole viwili chini ya kioo cha dirisha,
akaushika mkono wa koti langu, akafumba macho.

"Sufu," alisema.
Akasugua tena, polepole.
"Na kidogo cha kitu kingine."

Kisha akaikumbuka hasira yake,
akakunjua bili.